Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya haki jinai: muulizeni mshtakiwa habari za kichwa chake

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mkurugenzi wa Mashtaka,
na wote mnaosimamia polisi, mahakama na magereza.

YAH: WALIOUMIA UBONGO WANAPOFIKISHWA MAHAKAMANI

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Tabora. Mimi ni mzee wa miaka 71, mkazi wa Ng'ambo. Nilifanya kazi reli mpaka nikastaafu, na kwa vipindi kadhaa niliitwa kuwa mzee wa baraza, enzi zile sheria ilipolazimisha kesi za mauaji Mahakama Kuu zisikilizwe pamoja na wazee wa baraza. Sijakimbilia kuandika hadharani. Nimeandika barua nne kwa ofisi tatu. Moja ilinijibu kwa mstari mmoja kwamba suala langu linafanyiwa kazi, na sasa ni mwezi wa kumi na nne. Ofisi hizo sizitaji, kwa kuwa sikuja kugombana na makarani.

Kesi inayonihusu bado iko mahakamani, kwa hiyo sitasema lolote kuhusu usiku wa tukio. Nitasema ya kabla yake.

Mpwa wangu alikuwa mrina asali. Mnaoijua Sikonge mnaijua kazi hiyo. Mizinga ya magome inatundikwa juu ya miti mirefu porini, na msimu ukifika mtu anapanda na kamba yake usiku, moshi mkononi. Miaka mitano iliyopita kamba ilikatika. Alianguka, kichwa kikatangulia, akalala siku mbili bila fahamu. Alipelekwa hospitali moja mjini, akaruhusiwa siku ya tisa. Kwenye karatasi waliandika kwamba hali yake ni nzuri, na kwa macho yetu ilikuwa nzuri kweli. Alitembea, alikula, alitutaja wote kwa majina, na tarehe ya siku ile aliisema bila kukosea. Tukachinja mbuzi.

Miezi mitatu baadaye mke wake akanipigia simu usiku. "Mjomba, huyu mliyeniletea si yule." Nikamwambia awe na subira. Nilikuwa mjinga. Kijana aliyekuwa mweka hazina wa kikundi chao cha wafuga nyuki, aliyejua deni la kila mtu bila daftari, sasa alikuwa anagawa pesa kwa kila aliyemsalimu. Alicheka kwenye msiba wa shangazi yake. Alikojoa kando ya njia huku mama mkwe wake anapita. Akiudhiwa na jambo dogo tu, chumvi imezidi au redio ya jirani iko juu, mkono unatangulia. Dakika tano baadaye analia na kuomba radhi. Siku moja nilimkalisha chini kama mjomba mtu, nikamuuliza hajui kwamba ni vibaya? Akanijibu: "Najua, mjomba. Najua kabisa. Ila nikija kujua, imeshatoka."

Hospitali tulimrudisha mara tatu. Mara zote tatu tulitoka na vidonge vya maumivu na ushauri wa kupumzika. Kwa mganga pia tulikwenda, sitaficha. Huko akaenda mbuzi wa pili.

Kisha, miaka miwili na miezi minne iliyopita, mtu mmoja alipoteza maisha, na mpwa wangu akashtakiwa kwa mauaji. Nilikwenda msibani nikiwa sijui kama nitafukuzwa. Mama wa marehemu hakunifukuza. Alinishika mkono, akauliza: "Mlimwona anabadilika. Mlimwambia nani?" Sikuwa na jibu siku ile.

Lipo jingine, na hili ni langu mwenyewe. Katika kikao kimoja nilipokuwa mzee wa baraza, daktari alikuwa anasoma ripoti ya uchunguzi wa maiti, na mshtakiwa akacheka. Si kwa sauti kubwa, alitabasamu tu, mabega yakatikisika. Nikajisemea moyoni kwamba huyu hana utu. Alikuwa na kovu lililotoka juu ya jicho mpaka ndani ya nywele, nililiona kutwa nzima kwa sababu tulikaa tumeelekeana. Wazee wa baraza tuliruhusiwa kuuliza maswali. Sikuuliza hata moja. Nilipotakiwa kutoa maoni nikamwambia Jaji kwamba ana hatia. Huenda nilikuwa sahihi. Ila sasa, nikimkumbuka mpwa wangu akicheka msibani, naliona lile kovu kila siku.

Hoja zangu ni hizi.

1. Hakuna anayeuliza habari za kichwa.

Aliyepigwa anapokwenda kituoni anapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na daktari anajaza jeraha liko wapi na lina ukubwa gani. Anayeshtakiwa, tofauti na majeraha ya siku ile, haulizwi kama aliwahi kuanguka, kugongwa na gari, kuzimia, au kushikwa na degedege baada ya kuumia. Mpwa wangu amepita kituo cha polisi, mahakama na mahabusu. Kila mahali ameulizwa kabila, dini na kazi. Tafiti za Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba karibu nusu ya wafungwa, au zaidi, waliwahi kuumia kichwa, idadi inayozidi kwa mbali ile ya watu walio nje. Mji wetu una bodaboda zisizohesabika na wapandaji wasiovaa kofia. Sioni kwa nini magereza yetu yawe na watu wa aina nyingine.

2. Sheria inauliza maswali matatu, ila tunayapima mawili tu, tena kwa macho.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 13, inasema mtu hatawajibika kijinai kama kwa sababu ya ugonjwa unaoathiri akili yake hakuwa na uwezo wa kuelewa anachofanya, au wa kuelewa kwamba hapaswi kukifanya, au hakuweza kulitawala tendo lake. Maswali mawili ya kwanza yana asili ya Uingereza, katika kesi ya Daniel M'Naghten ya mwaka 1843 ambayo mawakili wote wanaisoma chuoni. La tatu ni pana zaidi, na wabunge walioliandika walijua wanaandika nini. Ila mkiingia mahakamani mtaona kinachotafutwa ni kichaa wa sokoni, yule anayeokota makopo na kuongea peke yake. Mshtakiwa akijibu jina lake vizuri na kumsalimu hakimu kwa adabu, basi akili anazo.

Sisi watu wa reli tuna mtu wetu wa kumtolea mfano. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa kikosi cha ujenzi wa reli aliyeitwa Phineas Gage alikuwa anashindilia baruti kwenye mwamba. Baruti ikalipuka. Chuma alichoshika, chenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi, kikaingia shavuni na kutokea utosini. Hakufa. Alizungumza muda mfupi baadaye na alimsubiri daktari akiwa amekaa. Kumbukumbu alikuwa nayo na maneno alikuwa nayo, lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walimwona si Gage tena. Matusi yalimjaa, subira hakuna, mipango anaianzisha na kuiacha njiani. Nilipoisoma habari hiyo nilimwita mke wa mpwa wangu, nikamsomea. Alinyamaza, kisha akaomba nirudie.

Kilichoharibika kwa Gage ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kujizuia na kupima matokeo. Niruhusuni nieleze kwa lugha ya kazi yangu. Dereva wa treni anaiona stesheni, anajua anatakiwa kusimama, anavuta breki, hazishiki. Ukimuuliza kama anajua sheria ya kusimama, atakujibu kwa ufasaha kuliko wewe. Ndiyo maana kwetu ajali ikitokea, wachunguzi wanakagua na breki kabla ya dereva kuhukumiwa. Na wapo madereva waliokutwa na hatia, breki zikiwa nzima kabisa.

Kuna vipimo vya kuanzia visivyohitaji umeme. Daktari anamwambia mgonjwa: nikigonga meza mara moja, nawe gonga mara moja; nikigonga mara mbili, usigonge. Aliyeumia mbele ya ubongo anaweza kukurudia maelekezo yote kwa usahihi, halafu ukigonga mara mbili naye anagonga. Ila nawaonya pia kwamba kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa sababu wengine wanafaulu vizuri kwenye chumba chenye utulivu, wakirudi nyumbani kwenye kelele na madeni wanashindwa. Madaktari wa ubongo wanalijua jambo hilo. Kwa hiyo ripoti isiyomhoji mke, mama au mwajiri ni ripoti ya nusu mtu.

3. Maelezo ya onyo, yaani yale anayoyatoa mshtakiwa polisi na kuyasaini.

Mtu aliyeumia ubongo anaweza kuwa na mapengo ya kumbukumbu, na wapo wanaoziba mapengo hayo kwa habari ambazo hazikutokea, bila nia ya kudanganya. Wanachoka haraka na wanakubali haraka ili wamalize. Mpeleke mtu huyo chumbani, umuulize swali lile lile mara sita, atasaini. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa mpwa wangu. Hilo litasemwa mahakamani. Nasema tu kwamba askari anayeandika maelezo hana sehemu ya kuandika kwamba huyu aliwahi kupoteza fahamu siku mbili.

4. Pombe.

Kwenye jalada akiandikwa "mlevi", mjadala umekwisha. Ubongo ulioumia unalewa kwa kiasi kidogo ambacho zamani mtu alikinywa na kurudi nyumbani akiimba. Pombe na jeraha vinapandana, na kimoja hakifuti kingine.

5. Muda.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaipa mahakama uwezo wa kuamuru mshtakiwa akachunguzwe katika hospitali ya akili, na daktari anatakiwa kupeleka ripoti ndani ya siku 42. Kwa kesi nzito tegemeo ni Isanga, Dodoma, taasisi ya wagonjwa wa akili wenye kesi. Sina neno baya kwa madaktari wa huko. Ila siku 42 zinaanza mtu akishafika, na kabla ya hapo lazima kuwe na mtu aliyeomba, na kabla ya kuomba lazima kuwe na mtu aliyeuliza. Kwetu ni "upelelezi haujakamilika", siku kumi na nne nyingine, karandinga linarudi. Wakati huo ubongo nao haukai ulivyokuwa. Damu iliyovilia na uvimbe vilivyoonekana wazi kwenye picha ya CT wiki ya kwanza vinaweza visionekane tena miaka miwili baadaye, wakati mtu mwenyewe bado hajapona. Wakili wa upande wa pili atasema picha ni safi. Picha ya wakati ule ilikuwa wapi? Haikupigwa.

6. Adhabu moja tu.

Kwa mauaji ya kukusudia sheria yetu imempa Jaji adhabu moja, kunyongwa mpaka kufa. Kwa hiyo mtu ambaye uwezo wake wa kujizuia umepungua kwa nusu, lakini haukuisha, hana pa kusimama. Ama aepuke hatia kwa kifungu cha 13 na kuzuiliwa hospitali ya akili, ama apate adhabu ileile ya aliyepanga kuua kwa miezi akiwa na ubongo mzima. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa kwetu Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumnyima Jaji nafasi ya kupima mazingira ya mkosaji kunakiuka haki ya kuishi. Na Julai 2023 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi kwa Rais ripoti yake kuhusu kuboresha taasisi za haki jinai. Mnayo makabati yenye karatasi za kutosha.

Najua mtakachosema, maana barua zangu za mwanzo nimezizungumza na watu wengi wa ofisini, kwenye korido.

Mtasema kila mhalifu atadai aliwahi kupigwa rungu. Atadai, ndiyo. Lakini kisheria kila mtu anachukuliwa kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mzigo huo uko kwa mshtakiwa, siombi uondolewe. Rekodi za hospitali zipo au hazipo. Majirani waliona au hawakuona. Tena nitawasaidia hoja: watu wengi sana walioumia kichwa hawajawahi kumgusa mtu. Hapa Tabora nawajua warina asali watatu walioanguka kama mpwa wangu. Mmoja anasahau majina ya wajukuu, mwingine kichwa kinamuuma mvua ikikaribia, wa tatu ni mzima kunishinda. Kuumia peke yake si utetezi. Swali ni jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, na lilichukua nini.

Mtasema hakuna bajeti ya mashine. Sijaomba mashine. Mistari mitatu kwenye fomu ni wino.

Mtasema marehemu naye alikuwa na haki. Hapo sina ubishi, na sitaki barua hii isomwe kama hila ya mjomba wa kumtoa kijana wake. Siombi aachiwe. Akikutwa na hatia baada ya kupimwa, atatumikia, na mimi nitampelekea sabuni. Na ikithibitika kwamba hawezi kujizuia, hapo ndipo asiachiwe ovyo, maana ni hatari, na mke wake anajua hivyo kuliko mwendesha mashtaka. Gage yule wa Marekani alikuja kuendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, na baadhi ya watafiti wanadhani kazi yenye ratiba ileile kila siku ndiyo iliyomtuliza kabla hajafa mwaka 1860. Nimelishika hilo. Kuna mahali kati ya kitanzi na kurudi mtaani, na hapo ndipo serikali haijajenga vya kutosha.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, fomu za polisi na za kupokea mahabusu ziwe na maswali kuhusu kuumia kichwa, kupoteza fahamu na kubadilika tabia, na jibu la ndiyo limfikie mwendesha mashtaka na wakili wa utetezi kabla kesi haijasikilizwa. Mawakili wanaopangiwa washtakiwa wasio na uwezo wafundishwe kuuliza jambo hilo siku ya kwanza. Wa kwetu tulimwona mara moja, kwa dakika kumi.

Pili, ripoti za kitabibu zinazopelekwa mahakamani zijibu waziwazi swali la tatu la kifungu cha 13, na ndugu wahojiwe.

Tatu, na hapa nasema na Waziri wa Afya: kila anayeruhusiwa hospitali baada ya kupoteza fahamu, familia ipewe karatasi ya Kiswahili inayosema mambo gani yakitokea mumrudishe, na mumrudishe kwa nani. Tungekuwa na karatasi hiyo, tungekuwa na jibu kwa yule mama. Katika yote niliyoandika, hili ndilo la bei rahisi kuliko yote, na ndilo linalonikosesha usingizi.

Nne, kifungu cha adhabu ya mauaji kifike bungeni.

Tano, mpwa wangu apelekwe kuchunguzwa. Nimeliweka mwisho makusudi.

Naomba majibu kwa maandishi, yawe ya kukubali au ya kukataa. Kesi inatajwa tena Jumatatu. Nitakuwepo, benchi la nyuma, na ile karatasi ya hospitali ya miaka mitano iliyopita iko mfukoni. Mpaka leo hakuna aliyeiomba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzee wa baraza wa zamani,
Ng'ambo, Tabora.

Nakala:
Mama wa marehemu, kwa heshima. Nilimsomea yote kabla ya kuituma. Aliniambia niondoe maneno mawili, nikayaondoa.